Mtu Aliyetufundisha Kwamba Kizungu ni Kifupi

Baba alisimama mbele ya Bwana Hadlo, Mzungu wa katani, akasema maneno yake. Aliyasema polepole, kwa Kidawida, lugha yetu, mkono mmoja umeshika ukingo wa pango kama mtu aliyeshika mlango wa nyumba yake. Alisema kwamba sawa, tumeambiwa tuondoke, tutaondoka. Lakini mtu hahami akawaacha wazee wake nyuma. Ndani ya lile pango mlikuwa na kichwa cha babake, na cha babu yake, na vya wazee wengine wa ukoo wetu, vimepangwa juu ya jiwe vikiangalia mashamba. Aliomba aachiwe siku ile moja awatoe, halafu kesho Bwana afanye atakalo. Maneno yalichukua muda, kwa sababu baba alimtaja kila mzee kwa jina lake, kama inavyopasa.

Sisi wanawake tulikuwa tumesimama chini huko, kando ya mashamba, maana mwanamke hakaribii pango la wazee. Lakini tulisikia yote. Baba alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka kilima hiki mpaka kile.

Alipomaliza akamtazama Mkalimani. Mkalimani akamgeukia Bwana Hadlo akasema maneno mawili.

Bwana Hadlo akainamisha kichwa, ndiyo. Baba akaiona ile ndiyo. Akashukuru kwa mikono yote miwili, akauzunguka mwamba kwenda upande wa nyuma kwenye ule mlango mwembamba, kwa sababu wazee hawatolewi kwa mbele kama mizigo. Hatukuona tena kitu, ila baadaye kidogo tuliwaona askari na vibarua wanakuja mbio kwetu wakiinamisha vichwa, na dada yangu Wakesho akacheka, akasema wamechokoza nyuki. Mkalimani naye alikuwa anakimbia, kofia mkononi. Tulikuwa bado tunacheka mwamba uliporuka kwa baruti.

Vumbi lilipotulia, Mkalimani alitoa leso mfukoni, akainama, akapangusa viatu vyake.

Huyo ndiye mtu ninayetaka kuandika habari zake. Nimejifunza kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la wanawake kule misheni, nimekaa na mabinti wadogo wananicheka, na sikujifunza kwa sababu ya kusoma Zaburi peke yake. Jina lake sitaliandika. Wengine nitawataja, wala siogopi. Bwana Hadlo nimeshamtaja. Hedimani Mwaighacho nitamtaja. Lakini huyu mwingine, jina kwetu ni kitu cha kurithisha, hupewa mtoto ili mtu asipotee. La kwake acha lipotee. Nitamwita Mkalimani, kama alivyopenda mwenyewe kuitwa, hata na mamake.

*

Mnaomjua sasa mnamjua mzee aliyekonda. Wakati ule alikuwa kijana mnene kiasi, mwenye shingo laini kama ya mtu asiyebeba kitu kichwani. Alikuwa mtu wetu, wa mlimani, aliyekulia misheni, msidanganywe na zile soksi. Alivaa soksi hadi magotini juani kule Voi, mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli. Alikuwa na mwavuli mweusi ambao hakuufungua mvua iliponyesha, eti utaharibika. Mvua ikija aliuweka ndani ya koti akalowa yeye.

Hakula mbele ya watu. Ukimkaribisha muhogo aliutazama kama mtu anayetazama mguu wenye kidonda. Lakini jikoni kwa mamangu, akiwa hajui kwamba tunamwona, alikomba chungu cha mboga kwa kidole. Mamangu alijua. Alikuwa akimwachia chungu makusudi, akisema, "Mtoto wa watu, ana njaa ya kwao."

Alipenda kutusahihisha. Kiswahili chetu cha mlimani kilimkera. Sisi tulichanganya, tukasema tulivyoweza, na kila mtu alielewa. Yeye alikuwa akimkatiza mzee wa mvi katikati ya shauri lake ili kumwambia neno lilivyopaswa kusemwa na watu wa pwani. Mzee akishangaa, anasahau alichokuja kudai. Nimewahi kumwona mzee wa Mghange, aliyeshuka mlima tangu alfajiri kwa kesi ya ng'ombe, akirudi nyumbani bila ng'ombe, amejifunza jinsi ya kusema "jana".

Na alikuwa na ule msemo wake. Alikuwa nao mdomoni kama wengine walivyo na tumbaku. "Fupisha, mzee. Maneno mengi humchosha Bwana."

Lazima niwaeleze jambo hili vizuri, maana ndilo lililotuua.

Kwetu maneno hayafupishwi. Mtu akija na shauri anaanza mbali. Anaanza na mvua, anataja aliyemzaa na aliyempokea, anapita kwenye ugomvi wa zamani ulioisha, ndipo anafika. Wanaosikiliza hawachoki, kwa sababu huko njiani ndiko anakoweka ushahidi. Sasa mzee wa namna hiyo alikuwa akisimama bomani Voi mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa serikali mwenye kuamua kesi, akasema mpaka kivuli kikahama ukuta. Kisha Mkalimani anafungua mdomo anasema maneno matatu, manne. Bwana Shauri anaandika. Basi, kwisha.

Na sisi tulifanyaje? Tulistaajabu. Wazee walirudi mlimani wakasimulia kwa furaha kwamba Kizungu ni lugha fupi sana. Wakasema ndiyo maana Wazungu wana reli na bunduki, hawapotezi muda kwenye maneno, neno lao moja linabeba mzigo wa maneno yetu mia. Babangu mwenyewe aliamini. Alikuwa akituchekesha jioni kwa kumwiga: anatoa hotuba ndefu ya mzee anayedai mpaka wa shamba, halafu anakohoa, anavuta soksi ambazo hana, anasema, "Puf, paf." Tunaanguka kwa kicheko. Hakuna mtu hata mmoja, na tulikuwa watu wenye akili, aliyeuliza yale maneno mengine yameenda wapi.

*

Mkalimani hakuwa mkatili. Hili wengine hawapendi nikilisema. Mkatili ni mtu unayeweza kumjua mapema ukamkwepa.

Mwaka wa njaa alimpa dada yangu Wakesho chumvi na kibaba cha mchele, hakudai kitu. Alikuwa na mbwa mmoja mwenye jicho bovu, alimbeba mabegani akivuka mto. Mbwa alipokufa alilia waziwazi barazani kwa Wahindi, watu wakampa pole kama amefiwa na ndugu. Nilimwona pia akimlilia mbwa yule yule miaka baadaye, mtu akimtaja tu. Kwa hiyo machozi alikuwa nayo, msiniambie hakuwa nayo. Siku ya mwamba alikuwa nayo pia, mahali fulani, lakini alitoa leso kwa ajili ya viatu.

Alikuwa mwoga, ndilo neno. Aliwaogopa Wazungu kwa namna ambayo mtu huogopa jua: hakuwachukia, alitafuta tu mahali pa kusimama wasimchome. Na alikuwa mvivu wa ulimi. Tafsiri ni kazi, kama kubeba maji. Anayeyamwaga nusu njiani hufika akiwa hana jasho.

Na Hedimani Mwaighacho ndiye aliyempa nafasi. Nasema jina lake tena, Mwaighacho, aliyewekwa na serikali kutuongoza na hajawahi kulima hata mstari mmoja kwenye mashamba yale ya chini. Mzee wa ukoo akitaka kwenda na mtu wake mwenyewe anayejua Kizungu kidogo, kijana wa misheni, Mwaighacho alimfukuza. Alitaka Mkalimani tu. Wawili hao walielewana kama kisu na ala.

*

Sasa mashamba. Nyumba zetu ziko juu, Ronge, kwenye baridi na migomba. Lakini kila ukoo una mashamba ya chini pia, tambarare, kwa mtama na kunde na mbaazi. Mvua ikija tunashuka, tunakaa vibandani, tunalima, tunalinda ndege. Tukivuna tunapanda mlimani na ardhi inapumzika. Mtu akipita huko wakati wa kiangazi haoni mtu. Anaona mabua. Lakini akiinua macho anaona mwamba, na ndani ya mwamba wako wenyewe, wakitazama. Nyumba inaweza kujengwa na mwizi. Vichwa vya wazee haviwezi kuwekwa mahali na mtu asiye na mahali pale. Hakuna aliyehitaji karatasi.

Bwana Hadlo alikuja wakati wa kiangazi.

Siwezi kusema alikuja na bunduki. Alikuja na fahali. Alifika na Mkalimani na Mwaighacho, akakaa na wazee, akasema anataka mahali pa kupanda katani. Na kwetu kuna njia ya jambo hilo, ya tangu zamani. Mgeni akitaka kulima ardhi ya ukoo analeta mnyama dume na pombe ya miwa. Wazee wanakula, wanakunywa, wanawanyunyizia na wale wa pangoni, wanampa sehemu. Kila mwaka baada ya mavuno analeta mnyama mwingine. Yule mnyama anasema kwa niaba yake: ninajua kwamba hapa si pangu. Mwaka asipomleta, anahama. Anayepokea mnyama ndiye mwenye ardhi, anayetoa ndiye mgeni. Mtoto wa kuchunga mbuzi anajua hivyo.

Basi wazee walifurahi. Fahali mzima, si mbuzi. Mgeni wa heshima. Baba alisimama akatoa maneno yote yanayotolewa siku ya kumpokea mgeni wa shamba: kwamba tunakuazima kutoka kijito hiki mpaka mkwaju ule, kwamba hutagusa mwamba, kwamba mwakani tutakuona tena na mnyama wako, kwamba siku ukichoka utatuachia ardhi yetu kama ulivyoikuta. Mkalimani aliyasikiliza huku akisafisha sikio kwa unyoya wa kuku. Halafu akasema Kizungu chake. Kifupi. Bwana Hadlo akampa mkono kila mzee. Wakaweka vidole kwenye karatasi, wakaambiwa ni kumbukumbu ya fahali. Baba alipanda mlimani akiwa na nyama begani, akamwambia mamangu kwamba hata Mzungu sasa ni mgeni wetu.

Kwa hiyo kuanzia hapo tulimngojea fahali wa pili. Na alikuja! Hili ndilo lililotupumbaza kabisa. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Mkalimani alipanda Ronge yeye mwenyewe, amelowa jasho, soksi zimeshuka, anamvuta fahali mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika. Akasema Bwana Hadlo anawasalimu. Wazee wakala. Baba akasema, mnaona, anajua adabu.

Mwaka wa tatu hakuja mnyama. Wazee walingoja, wakashuka Voi kuuliza. Waliuliza vizuri, mbele ya Bwana Shauri, kwa maneno marefu. Mkalimani akafupisha. Bwana Shauri akacheka kidogo, akajibu. Mkalimani akasema, "Bwana amesikia." Walirudi. Mwaka wa nne wakaenda tena. "Bwana amesikia." Safari nyingine baba alimuuliza, amesikia, na amesema nini? Mkalimani akamgusa bega, akasema, "Mzee wangu, serikali ikisikia imesikia. Nenda nyumbani ulale."

Wakati huo katani ilikuwa imevuka kijito, imeupita mkwaju. Vibanda vyetu vilivunjwa, wanawake walifukuzwa kwenye kunde zao na wanyapara. Wazee walisema tusigombane, mgeni amekosa mnyama wake, sheria iko wazi, atahama. Walikaa wakingoja mgeni ahame! Nikikumbuka jambo hilo nashindwa kujua kama nicheke au niteme mate.

Kisha Bwana Hadlo akataka mawe ya kujengea kiwanda cha katani, na mwamba wetu ulikuwa karibu.

*

Ya siku ile nimeshayaandika. Naongeza moja tu. Wanaume walikuwa wamekimbia, au wamekaa chini wameshika vichwa. Nilipanda mimi. Mwanamke hakanyagi pale, na mimi nilipakanyaga, na mamangu akanifuata. Tulifungua kanga zetu tukaokota. Huwezi kutenganisha, nawaambia. Mfupa mkavu wa zamani unautambua, ni mwepesi, rangi ya majani ya chai. Lakini palikuwa na vipande tusivyojua kama ni vya baba au vya babake, kwa maana kilichokuwa mikononi mwake kilivunjika pamoja naye. Tuliwazika wote shimo moja, huko juu, nyuma ya migomba. Baba hana kichwa cha kupangwa. Ukoo wetu umekomea hapo kwa hesabu hiyo.

Kulikuwa na shauri bomani. Mwaighacho alisema mzee alikuwa mkaidi. Bwana Hadlo alisema watu walikuwa wameonywa. Mkalimani alitafsiri. Mamangu alipopewa nafasi alisema, alisema sana, kamasi na machozi, akauliza kwa nini mumewe aliruhusiwa halafu akalipuliwa. Mkalimani akasema neno lake. Bwana Shauri akafunga daftari. Tulipewa gunia la mahindi, na mamangu aliyamwaga njiani, yakaliwa na kunguru.

Kwa miaka yote hiyo hatukujua alichokisema. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Maneno mawili. Nililala nayo na kuamka nayo bila kuyajua.

Vita vikaja, Mkalimani akaenda na wapagazi, akarudi na nishani na kikohozi. Wazungu wapya walikuja na vijana wapya wenye Kizungu kirefu. Hawakumfukuza, walimsahau tu barazani, mpaka siku moja aliondoka mwenyewe na mwavuli wake.

*

Nilimkuta tena Voi, msimu huu wa mavuno uliopita. Nilikuwa nimeshuka kuuza ndizi, nikapita kwa Bi Mwanaisha, ambaye mumewe ana duka la nguo karibu na stesheni. Ni watu wa asili ya Mombasa, watu wazuri, hununua kwangu siku zote. Nikamsikia mtu anaongea uani, anaongea bila kupumua.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mzee wetu wa chumba cha nyuma," akasema Bi Mwanaisha. "Mume wangu amemsitiri kwa ajili ya Mungu. Lakini hanyamazi, mama, tangu alfajiri. Hata akila anazungumza. Ingia umsikilize nawe, unipatie dakika moja ya raha."

Niliingia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunikwa shuka, miguu mitupu. Miguu ilikuwa ya kawaida kabisa, yenye nyufa kama ya baba. Macho yamefifia. Akanisalimu kwa Kidawida, "Kwawuka mana," kwa sababu ya harufu ya ndizi, nadhani, na bila kuuliza mimi ni nani akaendelea kusimulia. Alianza mbali. Alianza na mvua. Akataja Wazungu wote aliowatumikia na baba zao. Mtu aliyekata maneno ya mlima mzima sasa ameyarudisha yote, yanamtoka kama maji kwenye mtungi uliopasuka, na hakuna wa kumwambia afupishe. Nilikaa. Nilijua atafika.

Akafika kwa Bwana Hadlo. Nikasema mimi ni binti wa nani.

Alinyamaza. Bi Mwanaisha akachungulia mlangoni kuona kama amekufa.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "babako nilimpenda."

"Sikuulizi hilo. Siku ya mwamba, baba alisema maneno mengi. Wewe ukasema mawili. Yalikuwa yapi?"

Alitafuta kitu cha kushika, akashika pindo la shuka. "Nilimwambia, 'Wamekubali, Bwana.'"

"Wamekubali."

"Si walikubali? Alisema wataondoka."

"Alisema atawatoa wazee kwanza. Aliomba siku."

"Jua lilikuwa kali, mwanangu. Na Bwana mwenyewe alikuwa ameuliza kabla, amesema, kama wana kitu chao mle ndani waseme, nitangoja. Alisema hivyo, nakuapia. Alisema mambo mengi, habari za utambi, na umbali wa kusimama. Mimi nikawaambieni ondokeni. Si ni mamoja? Anayeondoka hachomwi na utambi." Kisha akainua mkono kama mtu aliyekumbuka deni analomdai mwenzake. "Na usinione mimi mbaya peke yangu. Yule fahali wa pili, mwekundu, mnamkumbuka? Hakuwa wa Hadlo. Hadlo hakujua chochote habari za fahali wa pili. Nilimnunua mimi, kwa mshahara wangu, kwa Mkamba mmoja pale Maungu, nikamvuta mpaka Ronge kwa mikono hii. Wazee wasivunjike moyo. Huo si wema?"

Nilimtazama. Kwa miaka yote nilikuwa na jambo moja la kumtetea, na nilikuwa nalo bila kupenda: labda hakujua. Labda mtu aliyekulia misheni hakufundishwa njia ya mgeni na mnyama wake, labda alidhani kweli kwamba fahali ni bei. Mjinga husamehewa. Sasa ananionyesha kwa fahari, kwa kidole chake, kwamba alijua. Alijua mnyama yule ana maana gani, alijua lazima aje kila mwaka, alijua Bwana hajaambiwa, ndiyo sababu akamnunua mwenyewe. Ilikuwa rahisi kwake kumvuta fahali kupanda mlima mzima kuliko kusema sentensi moja kamili mbele ya Mzungu.

"Kumbe ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

Niliinuka, nikatoka. Nyuma yangu alianza tena kuongea, na Bi Mwanaisha akaniuliza kama amenisumbua. Nikamwachia ndizi zake na kumwambia sitapokea pesa yake siku ile.

*

Watu wa Ronge wananiambia niache, mzee yule amekwisha, atakufa kabla ya mvua. Hilo hasa ndilo ninaloogopa. Wanasema pia kwamba hata angetafsiri vizuri Mzungu angechukua tu, kama alivyochukua Taveta na kwingineko. Labda. Lakini basi angechukua akiwa ameambiwa, na baba angekuwa na kichwa.

Kwa hiyo ninaandika, na nitampa mchungaji wa misheni asome, na karani wa boma asome, na yeyote anayepita. Bwana Hadlo yuko hai, nyumba yake ya mawe nimeiona, imejengwa kwa mwamba wetu. Kwenye ngazi ya baraza kuna jiwe jeusi kwa moshi wa mafuta waliyochomewa wazee pangoni, natambua upande lilikotoka. Mwaighacho yuko hai, amevaa joho alilopewa. Mkalimani yuko chumba cha nyuma cha Bi Mwanaisha, na sasa ana maneno ya kutosha.

Nataka achukuliwe kwa mkokoteni kama hawezi kutembea, apelekwe mpaka kwenye ile ngazi, Mwaighacho akiwepo. Nataka amwambie Bwana Hadlo maneno ya baba yote, ya siku ya fahali na ya siku ya mwamba, kuanzia kijito na mkwaju mpaka jina la mzee wa mwisho, asikate hata moja, jua liwe kali namna gani. Akimaliza, Bwana Hadlo ajibu. Ajibu kwa lugha yake, ndefu kama ilivyo, nami nitasimama pale mpaka mwisho. Babangu aliomba jambo kwa adabu akaonyeshwa ndiyo. Nani alimjibu? Alikuwa akijibu swali gani?